Sista na Viza ya Matembezi

Tulimwita Sista, na sidhani kama katika chumba kile kulikuwa na mtu aliyelishika jina lake lingine. Lilikuwepo kwenye pasipoti, na pasipoti yake niliwahi kuibeba mkobani mwangu, lakini nikijaribu kulikumbuka leo halinijii. Chumba kizima tulikuwa wauguzi. Kila mmoja wetu aliitwa sista huko alikotoka, Tanga, Kisumu au Mbale. Tulipofika Karama, mtaa wa Dubai, jina hilo tulimwachia yeye, naye sisi wote akatuita "mtoto wewe", hata Achieng, Mkenya mwenye watoto watatu na sauti iliyomtisha mpaka mwenye nyumba.

Ukimuuliza kwao ni wapi, alikutajia wodi. Wodi namba sita, wanaume, mifupa, hospitali ya mkoa. Huko ndiko zilikoanzia hadithi zake zote na huko ndiko zilikoishia. Alikuwa na umri wa mama yangu mdogo, mfupi, miguu imepanuka kwa miaka ya kusimama, na alitembea haraka bila kutoa sauti. Mara nyingi tulishtukia yuko nyuma yetu, anaangalia tunachofanya.

Niseme mapema, ili msomaji asije akakaa kusubiri siri: sikumkosea Sista. Sikumwibia, sikumsengenya, sikumsaliti. Nimeipekua kumbukumbu yangu kama mtu anavyopekua mkoba akitafuta ufunguo, na kosa silioni. Hilo ndilo linalonitesa. Ningekuwa nimemkosea ningeshakwenda kumwomba radhi, akanisamehe au asinisamehe, na mimi nikalala.

Miaka ile, mwanzoni mwa miaka ya 2010, muuguzi wa kwetu aliyetaka kazi Dubai alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kupitia wakala. Ya pili ni kuingia kwa viza ya matembezi, vyeti kwenye mfuko wa plastiki, ukafanya mtihani wa leseni, halafu ukazunguka kliniki hadi kliniki mpaka mtu akuajiri kabla viza haijaisha. Ikiisha hujapata, unatoka nchini kusubiri nyingine, au unarudi kwenu. Viza ile haikukuruhusu kufanya kazi. Ilikuruhusu kutembea. Sista alikuwa amechukua likizo bila malipo kule hospitalini kwake, kwa hiyo upande huu alikuwa mtalii na upande ule alikuwa mtu wa likizo. Sijaona mtu aliyechoka kwenye likizo kama yeye.

Uongo ulimshinda. Siku alipotua uwanja wa ndege, afisa alimuuliza amekuja kufanya nini, naye akajibu amekuja kutembea, na jibu hilo likamkaa kooni wiki nzima. Ijumaa ya kwanza akatangaza kwamba tunakwenda kutembea kweli. Kama tumesema sisi ni watalii, basi na tutalii, ili siku tukiulizwa tena tusiwe na cha kuficha. Ijumaa ndiyo iliyokuwa Jumapili ya Dubai. Yeye, Mlutheri, alikwenda ibada yake, mimi nikaenda msikitini, kisha tukakutana kituo cha metro na kuianza kazi ya kutalii.

Na alitalii kwa bidii. Tulisimama chini ya lile jengo refu tukaangalia juu mpaka shingo zikauma, maana kupanda kulikuwa na kiingilio. Tuliangalia samaki wa kule kwenye duka kubwa kupitia kioo cha nje, bure, tukisukumana na Wachina wenye kamera. Tulikwenda Ras Al Khor kuona heroe, wale ndege wa rangi ya waridi wanaosimama kwa mguu mmoja. Wenzangu walipiga picha. Sista aliwatazama kwa muda, akauliza huo mguu mwingine umefanywa nini.

Achieng hakuvumilia. "Sista, hii kitu ni ya nini? Hakuna mtu wa immigration atakuuliza kama uliona ndege."

Sista akamwambia kwamba hata asipoulizwa na afisa, kuna siku atajiuliza mwenyewe. Jioni ikifika alitukusanya, akajipangusa mikono kama aliyemaliza kufunga bandeji, akasema, "Khalas. Tumetembea. Kesho tukatafute kazi." Khalas, yaani basi, lilikuwa neno lake la kwanza la Kiarabu na kwa muda mrefu lilikuwa peke yake.

Mtu huyo huyo aliyeogopa kumdanganya afisa asiyemjua, aliwadanganya watu wa wodini kwake kila wiki. Aliwapigia simu mara nyingi kuliko alivyowapigia ndugu zake. Aliwaambia yuko kwa jamaa zake, anapumzisha mgongo. Wakimuuliza mgongo unaendeleaje, alijibu kwa undani kiasi kwamba tulianza kumsogezea mto. Alikuwa amewaacha wachache, na alijua ni wachache kiasi gani, zamu ya asubuhi nani na zamu ya mchana nani. Tukiwa tunakula, katikati ya tonge, alisema pengine hivi sasa hakuna wa kumgeuza yule wa kitanda cha dirishani. Chakula kikaingia mchanga.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyemwacha amening'inizwa mguu kwa uzito, paja limevunjika. Alimuahidi atamsimamisha yeye mwenyewe siku uzito utakapotolewa. Kila simu aliulizia huyo mzee. Siku alipoambiwa kwamba ameruhusiwa, ameondoka kwa magongo yake, alishangilia, akatununulia chai ya karak, ile ya maziwa na viungo, chumba kizima. Halafu akafunga pazia la kitanda chake mapema sana, na hatukusikia hata akigeuka.

Vitanda vyetu vilikuwa vya kupanga, vya juu na chini, kila kimoja na pazia lake, na mtu alilipia kitanda tu, si chumba. Hivyo ndivyo watu wengi walivyoishi Karama. Sista alivitandika vitanda hivyo vya chuma kama vya hospitali, shuka limevutwa, pembe zimekunjwa kwa ukali, na akatufundisha upya sisi tuliodhani tumekwisha kufundishwa. Ukitandika ovyo alikitandua mbele yako bila kusema lolote. Na alikuwa na swali moja, alilolitumia kwa kufagia, kwa kusoma, kwa kuosha vyombo, na hata kwa maombi ya Achieng ambayo yalikuwa mafupi mno: "Umemaliza au umeacha?" Alituambia kwamba wodini watu wengi hawamalizi kitu, wanaacha tu, na mgonjwa ndiye anayeijua tofauti.

Msidhani alikuwa malaika. Alikula paratha kitandani, makombo yakamwagika kote, na akionekana sisimizi alimsingizia Achieng. Alikuwa na wivu na jiko. Alikoroma, akakana. Alidharau wauguzi wa watoto, akisema wanacheza tu, na mimi nilikuwa nimefanya kazi wodi ya watoto.

Viza zetu za kwanza zilipoisha tulikwenda Kish, kisiwa cha Iran ambako watu wa matembezi walikuwa wakienda kusubiri viza mpya. Ndege ilikuwa ndogo na nzee. Huko mwanamke hashuki bila kufunika kichwa, kwa hiyo mimi ndiye niliyemfunga mtandio humo ndani, yeye amefumba macho anasali, ameung'ang'ania mkono wangu mpaka vidole vikafa ganzi. Alipojitazama kwenye kioo cha dirisha akasema mchungaji wake asije akaona.

Hoteli ilijaa watu wa kila taifa waliokuwa wakisubiri viza kama sisi, hawana la kufanya ila kukaa ukumbini kuangalia mlango. Siku ya pili Sista alikwisha kuwa na wagonjwa. Mhabeshi mmoja mwenye kifundo kilichovimba, Mfilipino aliyeshindwa kula, mzee wa Kipakistani mwenye presha. Asubuhi alipita kwa kila mmoja kuuliza amelalaje, kwa ishara na kwa Kiingereza chake cha wodini. Viza yangu ilipotoka kabla ya yake, alinisukuma nitangulie, akabaki na raundi yake. Nilimwona kwenye ngazi ya hoteli akipunga mkono, mtandio umemteremka mabegani, na alikuwa na furaha kuliko siku zote nilizomjua Karama. Sikulifikiria sana wakati ule.

Sasa nifike pale ambapo sitaki kufika.

Aliporudi kutoka Kish alisikia, huko kanisani kwake, kwamba kuna kliniki inatafuta muuguzi mmoja. Mmoja tu. Wote wawili tulikuwa tumekwisha kufaulu mtihani wa leseni. Kilichobaki kilikuwa mwajiri. Angeweza kwenda peke yake. Aliniamsha, akaniambia nivae tunakwenda wote, wachague wenyewe. Jioni iliyotangulia alikuwa amenikalisha kitandani kwake kunifundisha namna ya kujibu. Swali alilolipenda ni hili: daktari ameandika dozi ambayo unaona si sawa, utafanya nini? Jibu lake halikuwa la vitabuni. Alisema utamwita daktari pembeni, usimwaibishe mbele ya mgonjwa. Utamsomea oda yake kwa sauti, umuulize kama ndivyo alivyokusudia. Akisema ndivyo, utamwambia kwa adabu kwamba dawa hiyo kwa mkono wako haitatoka, na mwende wote wawili kwa mkubwa wenu. Alinirudisha nyuma mpaka nikalisema kama langu.

Mkuu wa wauguzi wa ile kliniki, mwanamke wa Kihindi mwenye miwani shingoni, alituita pamoja kwa sababu alikuwa na haraka. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na meza, kwa hiyo akaanza na mimi. Akauliza swali lile lile.

Nilijibu. Nililijibu vizuri, kwa mpangilio, neno kwa neno, na nilimwona yule mama akiitoa kalamu yake mdomoni. Kisha akamgeukia Sista, akamuuliza na yeye angefanya nini.

Jibu lake nilikuwa nimeshalitumia mimi.

"Kama alivyosema yeye," akajibu.

Kazi nilipata mimi. Njiani kurudi alinishika mkono kuvuka barabara kama mtoto, akanisifu, akasema sikuacha hata kipande kimoja. Ningefanya nini? Ningejibu vibaya makusudi? Alinifundisha ili nijibu. Ningejibu vibaya angeniuliza umemaliza au umeacha. Nimelizungusha jambo hili kila upande, na kila nikilizungusha narudi pale pale, kwamba ningekaa kiti kile kingine yeye ndiye angeanza.

Wiki zilizofuata nilikuwa zamuni, na mambo yake nilikuwa nikiyasikia nikirudi. Viza yake ya pili ilikuwa ikikaribia kuisha, na likizo ya kule kwao nayo vilevile. Hapo ndipo familia moja ya mtaa wa Al Warqa ikatafuta mtu wa kumwangalia mama yao, ajuza aliyepooza upande mmoja. Wote walimwita Hajja. Kazi ilikuwa kumwogesha, kumlisha, kumgeuza na kumpa dawa. Sista aliona ni uuguzi. Ndiyo kosa wanalolifanya wauguzi wetu wengi, hasa wale wazuri, kwa sababu wanaangalia mgonjwa badala ya kuangalia viza. Viza ya nyumbani ilisema mtumishi wa ndani, na mbele ya watu wa leseni mtumishi wa ndani hajauguza mtu hata akimgeuza mgonjwa usiku na mchana. Ukikaa miaka miwili bila kazi inayotambuliwa, mtihani uliofaulu haukusaidii tena.

Achieng alimwambia bila kuzunguka: "Sista, ukiingia villa, uuguzi umeisha. Afadhali urudi nyumbani."

Sista alimjibu, na jibu lake Achieng alinisimulia mara nyingi, maana hata yeye lilimkaa: "Nirudi niwaambie nini? Kwamba niliwaacha peke yao nikaja kuangalia ndege?"

Akaenda Al Warqa. Alisema ni kwa miezi michache, atatafuta kazi ya hospitali huku akiwa na pa kulala. Likizo yake ikaisha hajarudi, na wodi namba sita wakamweka mtu mwingine.

Nilikwenda kumtembelea mara moja. Madamu, binti yake Hajja, alikuwa mwanamke mstaarabu, sina la kumlaumu. Aliposikia mimi ni muuguzi wa kliniki, alinikaribisha sebuleni, akataka kuniuliza kuhusu dawa za mama yake. Nilikaa kwenye kochi kubwa. Nikasikia hatua zisizo na sauti, na Sista akaingia na sinia la chai. Alinimiminia mimi na madamu, akaweka tende karibu yangu, akarudi nyuma hatua mbili, akasimama. Madamu aliniuliza kama vidonge vya presha ni bora vitolewe kabla ya chakula. Nilimtazama Sista. Alikuwa anatazama vikombe. Nikajibu mimi. Chai ile niliinywa yote kwa sababu kuiacha kungekuwa vibaya zaidi. Sikurudi tena nyumba ile, ingawa nilijiambia kila mwezi kwamba nitarudi.

Tulibaki na simu. Ijumaa hakupata ruhusa, kwa sababu Ijumaa ndiyo siku familia yote ilipokuja kula, kwa hiyo matembezi yalikufa. Nilipopandishwa nikahamia hospitali kubwa nilimpelekea kila tangazo la kazi nililoliona. Akasema ngoja Hajja apone kidonda cha mgongo. Kidonda kikapona, akasema ngoja apate nafuu ya kifua. Kafeel wake, yaani mdhamini wa viza yake, angemwachia, nina hakika, kama angeomba. Hakuomba, maana nyumba nzima hakuna aliyejua kumgeuza Hajja isipokuwa yeye. Aliwahi kuwaacha wagonjwa mara moja, na hakutaka kuwaacha tena. Miaka miwili ikapita. Nilipomuuliza kama bado anatafuta, alicheka kidogo, akasema, "Nimeacha, mtoto wewe. Sijamaliza, nimeacha." Baada ya hapo simu zangu zikapungua. Nilijipa sababu ya zamu. Zamu ilikuwepo, lakini haikuwa sababu. Niliona aibu kuongea naye nikiwa na kitambulisho shingoni.

Mwishoni mwa miaka ile Hajja aliletwa wodini kwetu na homa ya mapafu. Niliposoma anwani ya Al Warqa nilijua ni nani kabla sijafika kwenye jina. Alikuwa kitanda cha dirishani, na kwenye kiti cha mtu wa kukaa na mgonjwa alikuwa Sista, amevaa sare ya kijivu ya kazi za ndani, mvi zimemtoka pembeni. Alisimama. Aliniangalia kuanzia viatu mpaka kitambulisho, polepole, jinsi alivyokuwa akikagua kitanda, akasema nimenenepa.

Siku zile zote hakugusa kazi yetu. Nilipokuja na dripu alikuwa ameshasogeza kiti, ameshainua pindo la shuka, amesimama mahali ambapo hangenizuia. Mkuu wangu wa zamu hakumuona kabisa. Lakini mimi nilimwona akibadilika. Mgongo ulinyooka. Asubuhi nikiingia nilimkuta amekwisha kunawa, macho maangavu, na aliniambia kwa sauti ya chini mgonjwa wa kitanda cha pili amelalaje na wa tatu kakataa uji. Alikuwa amerudi Kish.

Asubuhi ya raundi ya daktari alinifuata kwenye kabati la mashuka.

"Atamruhusu leo?"

Nikamwambia nadhani. Mapafu yamesafika na anakula.

"Huwezi kusema anakohoa kidogo?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Hakohoi, Sista."

"Najua hakohoi. Mimi si ndiye ninayelala naye?" Alichukua foronya moja kwenye rundo, akaikunja upya ingawa ilikuwa imekunjwa. "Siku mbili tu. Kitoroli kikipita alfajiri nasikia, najua hizo ni dawa za saa kumi na mbili. Nalala, mtoto wewe. Tangu nitoke kwetu sijalala hivi." Akairudisha foronya mahali pake. "Unaona nilipofika? Namwombea mgonjwa achelewe kupona. Mimi."

Nilimshika bega. Nilimwambia nitaona. Sikuwa na kitu cha kuona.

Daktari alikuja, akamsikiliza Hajja mbele na nyuma, akafurahi. Akaniuliza mimi kama kuna kikohozi. Madamu alikuwepo. Sista alikuwa ukutani, anatazama nje ya dirisha. Neno moja dogo lingetosha, na wala lisingemdhuru mtu, au pengine lingemdhuru. Ajuza yule angebaki kwenye wodi yenye wagonjwa wa kifua bila sababu, na chini, dharura, kulikuwa na mama mwingine juu ya machela anasubiri kitanda. Sista mwenyewe angenifukuza wodi namba sita kwa uongo kama huo. Nikasema hakuna kikohozi.

Niliandaa karatasi haraka, kwa aibu. Madamu akashuka kulipa. Mimi niliitwa kitanda kingine, na niliporudi Hajja alikuwa kwenye kiti cha magurudumu mlangoni na kitanda chake kilikuwa kimetandikwa. Sista alikuwa ameomba mashuka safi kwa mfanyakazi wa usafi, msichana wa Kinepali, akapangusa godoro, akatandika. Pembe zimekunjwa kwa ukali, shuka limevutwa bila hata mkunjo, foronya mdomo wake umegeuziwa mbali na mlango. Nilikuwa sijaona kitanda kama kile tangu Karama. Alinipungia mkono kama pale kwenye ngazi ya hoteli, akamsukuma Hajja kuelekea kwenye lifti. Tulikuwa tumeagana, au ndivyo nilivyodhani.

Hospitalini kwetu kitanda cha mgonjwa aliyeondoka hakitandikwi na mtu wa nje. Lazima godoro lipigwe dawa na watu wa usafi, litandikwe nao, litiwe sahihi. Akikitandika mwingine, kinavuliwa na kuanzwa upya. Mama wa dharura alikuwa anapandishwa. Nilisimama mbele ya kile kitanda. Nilishika pembe moja ya shuka nikaivuta, ikagoma kidogo kwa jinsi ilivyokazwa, ikatoka. Nikashika ya pili. Hapo mikono ikanigomea, nikabaki nimeinama na pembe ya shuka mkononi, upande mmoja umevurugika na upande wa pili bado mzuri vile vile.

Nilihisi kuna mtu nyuma yangu. Sikuwa nimesikia hatua. Hajja alikuwa amesahau chupa yake ya chai kwenye kabati la kando ya kitanda, na Sista alikuwa amerudi kuichukua. Aliichukua, akaipachika kwapani, akaangalia kitanda, akaangalia mikono yangu.

"Umemaliza au umeacha?" akauliza.

"Nimeacha," nikasema.

"Maliza, Sista," akaniambia.

Akatoka. Nikavuta pembe zilizobaki, moja baada ya nyingine, mpaka godoro likawa tupu.